Kazi ya Moto Isiyoacha Taka

Eldoret kuna maneno yanayosemwa kwa uhakika mkubwa: kwamba sime, visu na mikuki ya wahunzi wa zamani wa nyanda hizi ilikuwa migumu kuliko chochote kinachouzwa madukani leo. Ukiuliza sababu, utapewa mbili. Wa kwanza atakuambia chuma chenyewe kilitoka kwenye reli. Wa pili atakuambia siri ilikuwa maji: mhunzi alijua achovye wapi na achovye lini. Sababu hizi hazipatani. Ya kwanza inakisifu kiwanda cha ng'ambo, ya pili inamsifu fundi. Nimezifuata zote mbili kwa sababu historia ya mafundi wetu inastahili ushahidi, na sifa bila ushahidi haiwaheshimu. Basi tuanze na reli: ilifika lini, na iliwapitia wahunzi gani?

Tarehe zinajulikana. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, Kisumu ya leo, Desemba 1901. Njia hiyo haikupita Eldoret. Ilipita kusini, ikateremka ukingoni mwa nchi ya Wanandi kuelekea Muhoroni na Kibigori. Eldoret ilianza kama ofisi ya posta mwaka 1910 kwenye shamba namba 64, ndiyo maana wenyeji bado wanaiita Sisibo, na reli yake ilifika mwaka 1924. Vita vya Wanandi dhidi ya utawala wa Kiingereza vilikuwa kati ya 1895 na 1905, na ni katika miaka hiyo masimulizi yanawaonyesha watu wakiondoka na waya za simu na bolti za reli. Kwa hiyo, kama chuma cha reli kiliingia kwenye moto wa mhunzi wakati huo, kilitoka njia ya kusini, si hii inayopita mjini. Lakini kilikuwa chuma cha namna gani?

Hapo ndipo simulizi linapoanza kulegea. Linachanganya vitu vitatu, yaani waya, bolti na reli, kana kwamba ni kitu kimoja. Kinachotenganisha chuma laini na feleji ni kaboni, tena kwa kiasi kidogo mno. Chuma chenye kaboni ya asilimia 0.1 hakipati makali ya maana hata ukikichovya majini kutwa nzima. Chenye asilimia 0.4 na zaidi hubadilika kabisa. Waya na bolti za enzi hizo kwa kawaida zilikuwa za chuma laini, kwa kuwa waya sharti upindike na bolti isikatike ghafla. Reli ndiyo iliyokuwa na kaboni ya kutosha, lakini ilikuwa na uzito wa takriban kilo 25 kwa kila mita, na kuikata kunahitaji tindo, moto mkali na muda mrefu. Kilichokuwa rahisi kuchukua ndicho kilichokuwa kigumu kugeuza kuwa feleji. Je, simulizi lilibeba bolti, kisha likaipa sifa za reli?

Swali hilo halijibiki kwa maneno. Linahitaji chuma mkononi na mtu anayekifua. Eldoret iko kwenye barabara kuu inayoelekea Malaba, na malori yanayopita huacha nyuma yao springi zilizovunjika. Springi hizo ndizo malighafi ya mapanga, patasi na majembe yanayofuliwa kwenye mabanda ya jua kali. Nilimkuta fundi mmoja mzee akichagua vipande. Hakuwa na maabara. Aliweka kipande cha nondo kwenye grainda: cheche zikaruka ndefu, zimenyooka, zikazima. Akaweka springi: cheche fupi, kila moja ikipasuka hewani na kuchanua. "Hiyo inayochanua ndiyo ina kitu ndani," akasema. Kitu hicho ni kaboni, na katika springi za malori hufika karibu asilimia 0.6. Je, moto unakifanyia nini?

Mzee alikata vipande vitatu kutoka springi ile ile na kuvipeleka kwenye kona yenye giza zaidi ya banda, maana juani rangi ya chuma hudanganya. Viriba vilivuma. "Kikiwa damu ya mzee, bado," alinionya. "Ngoja kiwe chekundu cha kung'aa." Alikuwa na sumaku kuukuu iliyofungwa kwenye waya. Aligusa chuma nayo, ikashika. Baada ya muda akagusa tena, haikushika. Sumaku huacha kushika chuma kikifika karibu nyuzi joto 770, na nyuzi chache juu ya hapo ndipo feleji ya namna hii huwa tayari. Kipande cha kwanza alikifukia kwenye jivu kipoe polepole. Cha pili alikitumbukiza majini. Cha tatu alikizamisha kwenye oili chafu ya injini, akakisugua hadi kikang'aa, kisha akakirudisha kwenye joto la chini. Chuma kimoja, njia tatu: tofauti ingeonekana wapi?

Ilionekana kwenye tupa na nyundo. Tupa ilikula kipande cha kwanza bila shida, na nyundo ikakipinda kikabaki kimepinda. Kwenye cha pili tupa iliteleza kama inayosugua kioo, lakini pigo moja la nyundo likakikata vipande viwili. Pale kilipokatika palikuwa na chembechembe za kijivu zinazometa. Cha tatu kilikataa yote mawili: tupa ilikikwaruza kidogo tu, na kilipopigwa kilipinda kikarudi. Hakuna aliyeongeza wala kupunguza kitu ndani ya chuma kile. Kaboni ni ile ile, uzito ni ule ule. Kama si dawa wala mchanganyiko mpya, kilichobadilika ni nini?

Kilichobadilika ni mpangilio. Chini ya nyuzi 727, atomi za chuma hujipanga kwa namna isiyoacha nafasi ya kaboni. Juu ya hapo hujipanga upya, nafasi zikafunguka, kaboni ikaenea kote. Feleji ikipoa taratibu, kaboni hupata muda wa kujitenga, na ndani ya chuma hujengeka tabaka nyembamba za chuma laini na za kabaidi ngumu (chuma kilichoungana na kaboni) zikipishana. Ikipozwa ghafla, kaboni hunaswa kabla haijatoka. Mpangilio mzima huvutwa kombo na kuwa kile wanametali wanachokiita matensaiti: kigumu mno, na chepesi kuvunjika mno. Ugumu wa kipande cha pili na kuvunjika kwake vilitoka chanzo kimoja. Basi ule moto wa pili, ule mdogo, uliokoa nini?

Uliachilia sehemu ya kaboni iliyonaswa, kidogo kidogo. Fundi husoma hatua zake kwa rangi inayotanda juu ya chuma kilichosuguliwa: manjano ya majani makavu karibu nyuzi 225, kahawia juu kidogo, zambarau karibu 280, buluu karibu 300. Anayetaka kisu husimama kwenye manjano. Anayetaka springi hupita buluu, akafika nyuzi 400 na zaidi. Kila hatua inauza ugumu kidogo ili kununua ustahimilivu. Lakini biashara hiyo si ya haki siku zote. Feleji nyingi zenye nguvu kubwa zikirudishwa motoni kati ya takriban nyuzi 250 na 350 hupoteza ugumu na wakati huo huo huzidi kuvunjika zikipigwa ghafla. Rangi nzuri basi si dhamana. Kama jicho linaweza kupotoshwa, vipimo vinasema nini?

Vitabu vya uhandisi vina mfano unaojulikana sana: feleji yenye kaboni ya asilimia 0.4 pamoja na nikeli, kromiamu na molibdenamu kidogo, inayotumika kwenye ekseli na gia za mizigo mizito. Ikipozwa polepole, hukatika ikivutwa kwa megapaskali 745, yaani ufito wenye eneo la sentimita moja ya mraba hubeba takriban tani 7.6. Feleji hiyo hiyo ikizimwa, yaani ikipozwa ghafla, kwenye mafuta na kurudishwa kwenye nyuzi 315 hufika megapaskali 1,760, karibu tani 18 kwa ufito ule ule. Gharama yake ipo: kabla ya kukatika, ya kwanza hurefuka kwa asilimia 22, ya pili kwa asilimia 12 tu. Nguvu zaidi ya maradufu, bila kubadilisha chuma. Ikiwa moto na kupoza peke yake vinaweza kufanya hayo, je, wale wanaosema siri ilikuwa maji wamepata haki yao?

Nusu yake. Imani kwamba mto fulani ndio unaotoa makali haikuanzia kwetu. Toledo, Uhispania, walisema hivyo hivyo kuhusu maji ya mto Tagus na panga zao. Fizikia haiungi mkono mto. Inaunga mkono kasi ya kupoa. Chuma chekundu kikiingia majini huvikwa blanketi la mvuke linalochelewesha baridi. Chumvi hulivunja blanketi hilo na kuharakisha kazi, mafuta hupoza taratibu na kupunguza nyufa. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 93, lakini tofauti hiyo haitoshi kuupa mto wetu wa Sosiani sifa ambazo mito mingine haina. "Achovye wapi" si siri. "Achovye lini" ndiyo kazi yenyewe. Sasa swali zito: wahunzi wa zamani waliifanya kazi hiyo kweli?

Nilirudi kwenye maandishi. Kitabu kuhusu Wanandi kilichochapishwa Oxford mwaka 1909 kinasema wahunzi waliokuwa wakifanya kazi kati yao walikuwa Wamaasai wa Uasin Gishu, waliopokewa baada ya jamii yao kusambaratishwa na vita vya karne ya 19. Habari hiyo ni ya thamani: ufundi ulifika na watu waliopoteza makazi, na nyumba zilizowapokea zikapata mikuki. Lakini waandishi wa enzi hizo walipenda kuandika koo, miiko na viapo kuliko rangi ya chuma wakati wa kuchovya. Tunajua nani alishika nyundo. Hatuambiwi alifanya nini baada ya kuiweka chini. Je, chuma chenyewe alichokipata kilikuwa cha kuzimika?

Hapa njia inaziba. Misafara ya karne ya 19 kutoka Pwani ilibeba waya wa chuma kama bidhaa, na katika sehemu nyingi za bara wahunzi wakaacha hatua kwa hatua kuyeyusha mawe na mchanga wa chuma, wakawa wanafua waya ulioletwa. Mkuki uliofuliwa mwaka 1890 unaweza kuwa wa chuma cha tanuri la jirani, au waya wa Ulaya, au vyote viwili vilivyounganishwa kwa nyundo. Kwa macho havitofautiani. Anayeutaja mkuki wa babu kama ushahidi wa feleji ya kienyeji, na anayeutaja kama ushahidi wa chuma cha kuletwa, wote wanasimama pasipo na ardhi. Basi tuliache eneo hili kidogo tuulize kwingine: Afrika Mashariki iliwahi kutengeneza feleji yake yenyewe?

Jibu linalosikika zaidi linatoka Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Mwaka 1978 jarida la Science lilichapisha makala iliyotangaza kwamba wafua chuma wa huko walizalisha feleji ya kaboni kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Wazee wa Kihaya walikuwa wamejenga tanuri kwa kumbukumbu, wakaliwasha, na watafiti wakapima joto lililopita nyuzi 1,800. Maelezo yalikuwa kwamba mabomba ya udongo yaliingizwa ndani ya tanuri, hewa ikapata moto kabla ya kufika kwenye mkaa. Habari ikaenea duniani, na hadi leo hurudiwa kwa fahari. Fahari hiyo ina msingi. Lakini imepimwa vya kutosha?

Imepimwa, na mizani haijatulia. Wataalamu wengine wa metali walihoji kama hewa kweli hupashwa moto kwenye mabomba kwa kiasi kinachodaiwa, au joto kali lililo mbele ya bomba linatosha kueleza vipimo. Ukubwa wa ufundi wa Wahaya haupungui kwa hoja hiyo, wala ukale wa kazi yao. Tena kuna jambo ambalo mjadala wote haukuligusa sana: tanuri linaonyesha feleji ilivyopatikana, halionyeshi ilivyozimwa. Kuyeyusha ni kazi moja. Kuipa feleji ugumu ni kazi nyingine, inayofanyika siku nyingine, pengine na mtu mwingine. Nani ametafuta hiyo ya pili?

Nilidhani Pwani ingesaidia. Al-Idrisi, aliyeandika jiografia yake mwaka 1154 huko Sisilia, anataja machimbo ya chuma ya Malindi na Mombasa, na chuma cha pwani ya Afrika Mashariki kikisafirishwa hadi Bara Hindi kugeuzwa panga. Ni ushuhuda mzuri, ila mwandishi hakufika huku. Alikusanya maneno ya wasafiri. Wanaakiolojia wamepata taka za chuma katika miji mingi ya Waswahili, na uchunguzi wa vitu kutoka pwani ya Kenya umeonyesha hata feleji iliyoyeyushwa kwenye vyungu. Je, ilifuliwa huku au ilishuka melini? Na kama Wahindi ndio waliosifiwa kwa panga, sifa hiyo ilikuwa ya chuma au ya namna ya kukizima?

Tazama sasa ushahidi wa jumla. Vyombo vya kale vya chuma vilivyochunguzwa kusini mwa Sahara mara nyingi vina kaboni kidogo, isiyoenea sawasawa, na vilipozwa hewani. Vilivyozimwa kwa makusudi ni nadra. Wapo wanaokimbilia kusema hawakujua. Mimi siwafuati. Jembe linalogonga jiwe linahitaji kupinda na kunyooshwa tena, kuliko kuwa gumu likavunjika mbali na mhunzi. Makali ya mkuki yanaweza kuongezwa ugumu kwa kufuliwa yakiwa baridi, kwa nyundo nyepesi, bila tone la maji. Na tusisahau kwamba vilivyobaki darini ni vile vizuri. Vibovu vilitupwa au vikafuliwa upya, ndiyo maana vya kale vinaonekana vyote vilikuwa bora. Kama kuna njia tatu za kupata makali, tutajuaje ipi ilitumika kwenye mkuki fulani?

Ipo njia, na ina zaidi ya miaka 150. Mwaka 1863 huko Sheffield, Henry Clifton Sorby aling'arisha uso wa feleji, akauonjesha asidi, akautazama kwa hadubini, na mpangilio wa ndani ukaonekana. Leo kazi hiyo hufanywa kwenye maabara yoyote nzuri ya metali. Chembe zilizobanwa na kurefuka zinasema nyundo baridi. Tabaka zinazopishana zinasema hewa. Sindano za matensaiti zinasema maji au mafuta. Lakini kumbukumbu hiyo ya chuma ni dhaifu kwa jambo moja: mkuki ukitiwa motoni tena ili kunyooshwa, yote hufutika. Tanuri huacha taka zinazodumu miaka elfu mbili. Kuzima hakuachi hata jivu. Je, vingapi vimeshafutwa na mkono uliotaka kuvitengeneza?

Swali hilo si la makumbusho peke yake. Nje ya banda lile lori lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, springi yake imevunjika, na kijana akajiandaa kuiunga kwa welding. Mzee alimzuia. "Itashika leo," alimwambia, "kesho itakatika pembeni ya kiungo." Yuko sahihi. Joto la kiungo huzima sehemu moja ikawa kama kioo, na kulegeza nyingine. Hivyo hivyo bolti za nguvu kubwa, zile zenye alama 8.8 au 10.9 kichwani, zikipashwa moto kwa gesi ili zifunguke kisha zikarudishwa kwenye gurudumu. Alama hubaki ile ile, nguvu imeondoka. Barabara ya Malaba imejaa chuma ambacho historia yake ya moto haionekani kwa nje. Anayefunga bolti hiyo, nani amemfundisha kuuliza ilipitia nini?

Haya ndiyo ninayoweza kuyasimamia. Simulizi la reli ni dhaifu, kwa sababu chuma rahisi kuchukua ndicho kisichozimika. Simulizi la mto ni dhaifu zaidi. Lile la fundi aliyejua wakati wa kuchovya linawezekana, na kwa kuwa linawezekana, linadai kuthibitishwa badala ya kusifiwa. Eldoret ina vyuo vikuu vyenye wahandisi, ina mabanda yenye mafundi wanaosoma rangi ya moto, na nyumba za Uasin Gishu na Nandi bado zina mikuki ambayo haijarudi motoni. Kinachohitajika ni kipande cha milimita chache kutoka mwisho wa shina, mahali ambapo hakuna atakayeona pengo, na mzee mmoja kando ya hadubini kueleza anachokiona. Ni familia gani itakayoutoa mkuki wake kwanza?